Pale Askari, palipoahidiwa majina

Watu wa Dar es Salaam wakipeana miadi ya katikati ya mji husema, "Tukutane pale Askari." Hakuna anayeuliza askari gani. Jina limekwishakuwa mahali, kama Mnazi Mmoja au Posta Mpya, na mahali pamemmeza mtu. Dereva wa bodaboda atakufikisha bila kuuliza mara ya pili. Lakini muulize yule askari alipigana vita gani, alimpigania nani, alizaliwa wapi. Atacheka, akuambie, "Hiyo ya zamani hiyo, bosi."

Jumapili moja asubuhi, saa ambayo Barabara ya Samora huwa tupu, nilivuka hadi kwenye kipilefti nikamzunguka taratibu. Ni mtu wa shaba nyeusi aliyesimamishwa juu ya jiwe. Mwili ameuinamisha mbele kama anayesonga, bunduki ameikamata kwa mikono miwili, na singe imeelekea upande wa bandari. Ubavuni mwa jiwe kuna picha za shaba zilizochongwa: huku askari wako vitani, huku wapagazi wamebeba mizigo. Na kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Yanasema kumbukumbu hii ni ya askari wenyeji wa Afrika waliopigana, ya wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na ya wengine wote waliotumika wakafa katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Kisha yanatoa ahadi: atakayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Nilimaliza pande zote nne. Hapana jina hata moja.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ahadi hiyo ilitolewa na nani, akiwaahidi akina nani, na ilikuwaje ikachongwa kwenye jiwe lisilo na majina. Jawabu linaanzia kwenye sanamu nyingine, ambayo haipo tena mjini.

BWANA JUU, ASKARI CHINI

Mwaka 1909 Wajerumani walizindua Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, kazi ya mchongaji Adolf Kürle. Wissmann mwenyewe alikuwa amefariki miaka minne kabla, lakini watu wa pwani walikuwa hawajamsahau. Mwaka 1888 Pangani, Saadani na miji mingine ya mwambao ilipoikataa Kampuni ya Wajerumani iliyokuja kupandisha bendera yake na kutoza ushuru, ni yeye aliyetumwa kutoka Berlin kuizima vita ile. Alikodi Wasudani kutoka Misri na Washangaan kutoka Msumbiji, ambao waliitwa Wazulu. Desemba 1889 Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza upinzani, akanyongwa Pangani. Jeshi lile la kukodi ndilo lililokua likawa jeshi la Kijerumani la nchi nzima, na neno askari likapata sura mpya machoni pa raia: mtu wa bunduki, mtu wa kiboko cha hamsa ishirini, mtu anayetangulia mbele ya mtoza kodi.

Zitazame picha za sanamu ile. Wissmann amesimama juu kabisa, kofia ya jua kichwani, mkono juu ya upanga, macho yako mbali. Chini yake, karibu na miguu, yupo askari mweusi na bunduki yake. Anamfunika simba aliyekufa kwa bendera ya Ujerumani. Na uso ameuinua, anamtazama bwana.

Sijui hotuba ya kisiasa iliyowahi kusema mengi kuliko shaba ile. Simba ndiye nchi. Kazi ya kumuua na kumfunika ni ya Mwafrika, lakini heshima yote inapanda juu, kwa njia ya yale macho yaliyoinuliwa. Aliyepita pale bila kujua kusoma alifahamu kila kitu.

Tena angalia majira yenyewe. Mwaka 1909 ilikuwa imepita miaka miwili tu tangu izimwe Majimaji, vita ya watu wa kusini waliowaasi Wajerumani. Katika vita hiyo Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria waliokuja baadaye wamezitaja hesabu za 200,000 hadi 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto. Watu waliokuwa wakifanya kazi za kutwa bandarini, wakipita mbele ya Wissmann wa shaba, wengine walikuwa na matanga makwao. Wafu wao hawakuwekewa jiwe. Aliyewekewa ni Wissmann.

Ndiyo kawaida ya sanamu za watawala. Huwekwa mapema, donda likiwa bado bichi, ili ziwahi kusema kabla wenye msiba hawajafungua mdomo.

Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, na sanamu za Wajerumani hazikukaa. Wissmann alishushwa akapelekwa London kama nyara. Baadaye Wajerumani walirudishiwa shaba yao, na mwaka 1922 wakaisimamisha tena mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg, chuo kilichozaliwa kutokana na Taasisi ya Kikoloni ya mwaka 1908, ambako maofisa walikuwa wakifundishwa Kiswahili kabla ya kuja kututawala.

Sanamu ilikuwa ile ile, lakini kule ilisema jambo jingine. Ujerumani haikuwa tena na koloni hata moja; mkataba wa Versailles ulikuwa umezichukua zote. Kwa hiyo yule askari aliyeinua uso akageuzwa ushahidi: Waafrika walitupenda, walitutumikia kwa uaminifu, turudishieni nchi zetu. Wimbo huo wa "askari mwaminifu" uliimbwa Ujerumani miaka yote ya 1920 na 1930. Mwaka 1939, chini ya Wanazi, kambi moja ya jeshi katika kitongoji cha Jenfeld, Hamburg, iliyopewa jina la Jenerali Lettow-Vorbeck, aliyeliongoza jeshi la Wajerumani huku kwetu katika Vita Kuu, ikawekewa picha kubwa za udongo wa kuchoma zinazoonyesha askari wetu na wapagazi wetu wakimfuata ofisa Mjerumani. Mchongaji, Walter von Ruckteschell, alikuwa amepigana huku chini ya Lettow-Vorbeck huyo huyo. Picha hizo bado zipo. Zilipopangiwa kuwekwa katika eneo lililoitwa Bustani ya Tanzania, miaka ya 2000, walitokea watu wa Hamburg wenyewe waliopinga, na mimi nasema walikuwa na haki. Jina la nchi yetu halifai kutumiwa kuipamba kazi iliyochongwa ili kutusifu kwa kutii.

Wissmann mwenyewe mwisho wake uliletwa na wanafunzi. Mwaka 1967 walimwangusha mbele ya chuo, akasimamishwa tena, mwaka 1968 wakamwangusha kwa mara ya mwisho. Tangu wakati huo amekuwa ghalani, akitolewa mara chache kwa maonyesho.

MIGUU NA MIKONO YA JESHI

Dar es Salaam, Waingereza walifanya jambo la werevu. Hawakumpandisha jenerali wao pale Wissmann aliposhushwa. Walimpandisha askari. Yule aliyekuwa chini akitazama juu, sasa yuko juu peke yake, hamtazami mtu, anaelekea adui. Sanamu ilichongwa Uingereza na James Alexander Stevenson, ikazinduliwa mwaka 1927. Mombasa na Nairobi nazo zikapata zao kutoka kwa mkono huo huo. Ile ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi, jambo la nadra kabisa katika kumbukumbu za vita za zama zile.

Lazima nikiri kwamba ni sanamu nzuri. Ina heshima. Mwafrika hapo amechongwa kama mtu, si kama pambo la miguu ya bwana. Pengine ndiyo sababu Uhuru ulipokuja haikung'olewa. Barabara inayopita mbele yake iliitwa Acacia Avenue, ikaja kuitwa Independence, ikaja kuitwa Samora kwa heshima ya Samora Machel. Bendera ilibadilika, sarafu zilibadilika, yeye akabaki. Aliyemtazama aliona mtu wa kwao.

Lakini uzuri wake ndio unaonitia shaka. Wajerumani walikuwa wameondolewa, nchi imekabidhiwa Uingereza na Shirikisho la Mataifa, na watawala wapya walihitaji kuonekana kuwa wenye shukrani kuliko wale wa kwanza. Shaba moja iliwatosha kuwashukuru maelfu kwa mpigo, bila kumtaja yeyote, na kwa hiyo bila kudaiwa na yeyote. Mjane hawezi kuishika sanamu mkono akasema, huyu ndiye mume wangu, nilipeni haki yake.

Na tukumbuke ni vita gani tunayoizungumzia. Wazee waliiita vita vya Mjerumani. Ilianza Agosti 1914 na haikwisha mpaka Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini kule Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Nchi haikuwa na barabara za magari wala reli za kutosha. Wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o. Basi jeshi lilibebwa na watu. Risasi, unga, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, vitanda vya maofisa, vyote vilikwenda kichwani na begani mwa wanaume waliokamatwa vijijini, wengine usiku. Waingereza peke yao waliwatumia watu wanaokaribia milioni moja kwa kazi hiyo. Wajerumani nao walikamata wao, wakala chakula cha vijiji walivyopita, wakaacha njaa nyuma yao.

Wapagazi wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, malaria, nimonia na uchovu. Mtu aliyezoea ndizi au viazi alipewa unga wa mahindi na muda usiotosha kuupika, akaula mbichi-mbichi, tumbo likakatika, na kesho yake mzigo ni ule ule. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa wanakadiriwa kufika 100,000 hivi, na wapo wanahistoria wanaosema ni zaidi. Hiyo ni idadi ya mji mzima.

Kambi yao Dar es Salaam ilikuwa katika uwanja ambao Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Waswahili wakakitamka walivyokisikia: Kariakoo. Nairobi wakasema Kariokor. Soko la sasa, lenye lile paa la miavuli ya zege, lilibuniwa na msanifu Beda Amuli miaka ya 1970. Liliungua Julai 2021, likarudi. Kila siku maelfu ya watu wanalitamka jina la kikosi kile wakienda kununua kanga, betri, dagaa. Hakuna serikali iliyoamuru hivyo. Lugha ilifanya kazi hiyo yenyewe. Kwangu mimi Kariakoo ni ukumbusho mkubwa kuliko yule wa shaba, ila nao una kasoro ile ile: umehifadhi kikosi, haukuhifadhi mtu.

Je, majina hayakuwapo? Hapa ndipo palipo na uchungu wa jambo hili. Mwaka 1917 Waingereza waliunda tume ya makaburi ya vita, ile inayoitwa leo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Msingi wake ulikuwa usawa: kila aliyekufa atajwe kwa jina, kwenye jiwe la kaburi lake au kwenye ukuta wa kumbukumbu, bila kujali cheo, tabaka wala dini. Ulaya walilitekeleza hilo kwa uaminifu wa kushangaza. Nenda Ufaransa na Ubelgiji uone mawe meupe, mstari kwa mstari, mtoto wa lodi na mtoto wa mchimba makaa sawasawa.

Afrika Mashariki msingi huo uliwekwa kando. Maofisa waliandikiana kwamba wenyeji hawajafikia hatua ya kuthamini jiwe la kaburi, kwamba kuandika jina la kila mpagazi ni kupoteza fedha za umma. Tanganyika, utawala ulionelea makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo. Na yakarudi kuwa pori. Badala ya majina, wakubwa walikubaliana ziwekwe sanamu tatu: Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi.

Soma tena sentensi hiyo, msomaji. Sanamu ya Askari haikuja kuongezea majina. Ilikuja kuchukua nafasi yake.

Aliyeandika ahadi ya majina ni Rudyard Kipling, mshairi aliyekuwa mshauri wa tume hiyo katika masuala ya maandishi. Mwanawe wa pekee wa kiume, John, aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1915, na Kipling alifariki bila kujua kaburi lake. Alijua, basi, maana ya mzazi kutokuwa na mahali pa kusimama. Jina la John angalau liliandikwa. Siwezi kusema Kipling alikuwa mnafiki. Naamini maneno yale aliyaamini. Lakini maneno mazuri yakiwekwa mahali pa haki ya mtu, yanazidi kuificha dhuluma.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, toka pale Askari ufuate barabara ya Bagamoyo kilomita chache. Upande mmoja utaona Makaburi ya Vita ya Dar es Salaam, yaliyotengenezwa mwaka 1968 wakati makaburi 660 ya Vita Kuu yalipohamishwa kutoka Ocean Road kupisha barabara mpya. Nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa. Humo mna pia ukumbusho wa Waingereza na Wahindi zaidi ya 1,500 waliokufa Afrika Mashariki kuanzia Januari 1917 na ambao makaburi yao hayajulikani. Hao hawana makaburi, kama wapagazi wetu. Lakini majina yao yameandikwa, mmoja mmoja. Vita ni ile ile, na waliobeba chakula chao na risasi zao ni wale wale wasiotajwa.

Aprili 2021 tume hiyo ilitoa ripoti yake yenyewe juu ya upungufu huu. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na ikaueleza ubaguzi uliosababisha hilo. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, akaomba radhi bungeni. Ilichukua miaka zaidi ya 100.

SERIKALI ZETU NAZO

Si haki kuwasema wageni tu. Sisi wenyewe tumekuwa na sanamu zetu, na zimekuwa zikingoja ruhusa.

Chukua Nairobi. Mwaka 1973 ilizinduliwa sanamu kubwa ya Mzee Jomo Kenyatta akiwa ameketi, mbele ya jumba la mikutano linaloitwa kwa jina lake. Mchongaji alikuwa Mwingereza, James Butler, na Mzee alikuwa bado hai na madarakani. Mwaka huo Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau aliyenyongwa na Waingereza tarehe 18 Februari 1957, alikuwa na mtaa wa jina lake lakini hakuwa na sanamu wala kaburi. Mau Mau kilikuwa bado ni chama haramu kwa sheria ya mkoloni ambayo serikali huru haikuifuta. Kenyatta aliwahimiza Wakenya wasahau yaliyopita. Na watu walioshika madaraka na mashamba walikuwa na sababu za kutotaka kukumbushwa nani alikwenda msituni na nani hakwenda.

Marufuku iliondolewa mwaka 2003, serikali ilipobadilika. Miaka minne baadaye, tarehe 18 Februari 2007, nusu karne kamili baada ya kunyongwa, Kimathi akasimamishwa katika mtaa wake, bunduki mkono mmoja, jambia mkono mwingine. Safari hii mchongaji alikuwa Mkenya, Kevin Oduor. Kimathi hakuwa amebadilika tangu 1957. Aliyebadilika ni mwenye Ikulu.

Kisha Septemba 2015, katika bustani ya Uhuru Park, kukazinduliwa ukumbusho wa wahanga wa mateso ya wakati wa Mau Mau, uliolipiwa na serikali ya Uingereza baada ya kesi ya wahanga hao iliyoishia kwa fidia ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 mwaka 2013. Ukumbusho huo unanigusa kuliko wa Kimathi. Mwanamke anampa mpiganaji chakula, na wote wawili wamegeuziana migongo. Hawatazamani, kusudi yeyote kati yao akikamatwa na kuteswa asiweze kumtaja mwenzake kwa sura. Hapo kutojuana kulikuwa ngao. Wapagazi wa Kariakoo hawakujichagulia kusahauliwa. Walisahauliwa kwa waraka wa ofisini.

Upande wetu wa mpaka, nendeni Songea. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga pale mashujaa wa Majimaji 67 wakawazika katika kaburi la pamoja. Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, alinyongwa siku chache baadaye akazikwa peke yake. Kichwa chake kinatafutwa hadi leo. Pale yapo makumbusho, zipo sanamu za wakuu wa Wangoni, na majina ya walionyongwa yanasomeka. Kila Februari watu hukusanyika. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda hadi hapo akaomba msamaha, na alipoomba alikuwa na watu wa kuwaomba: wajukuu na vitukuu wanaojua babu yao ni yupi katika orodha ile. Ndiyo nguvu ya jina. Mwenye hatia akija, anamkuta mwenye haki.

Hata Songea kumbukumbu ilihitaji mkono wa dola. Mwalimu Nyerere aliitumia Majimaji mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956 kuonyesha kwamba watu hawakuwa wameukubali utawala wa kigeni kwa hiari. Uhuru ulipopatikana, vita ile ikafundishwa shuleni kama vita ya taifa zima. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe, wakaenda vijijini kuwauliza wazee waliokuwa bado hai. Nashukuru walikwenda. Wangechelewa miaka 10, wengi wangewakuta makaburini.

Wapagazi wa 1914 hadi 1918 hawakuwa na faida ya namna hiyo kwa taifa jipya. Walibeba mizigo ya wakoloni wawili waliokuwa wakigombania nchi yao, na hadithi ya namna hiyo haiingii vizuri katika hotuba ya sikukuu. Askari wenyewe ni wagumu zaidi kuwasimulia. Walioiweka kamba shingoni mwa mashujaa wa Songea walikuwa na askari Waafrika kando yao, wakilinda. Na mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi kizima cha Keya, jeshi lao la askari Waafrika, kwa askari waliokuwa wakipigana upande wa Mjerumani wakatekwa. Mtu mmoja angeweza kuwa chini ya Wissmann, kisha kwenye uwanja wa kunyongea, kisha juu ya jiwe la Barabara ya Samora. Ndiyo maana namtaka kwa jina. Asiye na jina tunampamba tunavyotaka, au tunamlaani tunavyotaka. Mwenye jina ana kijiji, ana mama, ana mwaka aliochukuliwa na namna alivyochukuliwa, na hapo tunalazimika kumsikiliza.

Kwingine wameanza. Januari 2025, Cape Town, ulizinduliwa ukumbusho wa vibarua Weusi wa Afrika Kusini waliokufa wakilitumikia jeshi la Uingereza katika vita ile ile, wengine wao wakiwa wamefia huku kwetu. Ni nguzo za mbao zilizosimamishwa bustanini, zaidi ya 1,700, na kila nguzo ni ya mtu mmoja, ina jina lake.

Hatuombi sanamu nyingine. Askari abaki pale alipo. Tunachoomba, kwa serikali, kwa jiji, na kwa tume ya makaburi iliyokwisha kukiri kosa, ni kwamba majina yanayoweza kupatikana yatafutwe na yaandikwe, hata kama yatakuwa machache. Na kwako msomaji: kama kwenu kuna hadithi ya babu aliyekwenda Kariakoo asirudi, au aliyerudi na kikohozi akafa mwaka uliofuata, usiiache ife na bibi anayeijua. Kaa naye. Andika jina lake kamili, jina la baba yake, kijiji, aliyemchukua, na watoto aliowaacha. Kisha ulipeleke mahali litakapotunzwa. Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert, mwendo mfupi kwa miguu kutoka pale Askari.